Aliyemfundisha Sikitu

Tangu mke wake Domitila afariki, Mzee Octavian aliishi kama mgeni katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nyumba yenyewe ipo kijiji cha Mbingu, si mbali na barabara ya Ifakara kwenda Mlimba, nyumba ya matofali ya kuchoma. Nyuma yake kuna ua, jiko la nje na bafu, kisha mashamba ya mpunga yanayokwenda mpaka kule milima inapoanza kupanda. Kila kitu kilikuwa mahali pake humo ndani, ila mwenye nyumba hakujua mahali penyewe ni wapi. Miaka yote ya ndoa yake chai ilimfuata alipo, maji ya kuoga yalimsubiri bafuni, shati lilitandazwa kitandani. Hakuwahi kuuliza vilifikaje. Sasa alikula viporo, akaoga pale alipokumbuka, akalala kwenye godoro lililobonyea katikati, na upande mmoja wa kitanda akauacha wazi kama vile mwenyewe katoka kidogo tu.

Binti yake, Rosemery, anauza vitenge sokoni Ifakara. Alimbembeleza baba yake ahamie mjini, wapi.

"Baba, magoti hayo, bafu liko nje, siku ukianguka nani atakuokota?"

"Nikianguka nitakuwa nimeanguka kwangu."

Alipochoka kubembeleza, Rosemery akamleta Sikitu.

Sikitu alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu kutoka Kiberege, mwanamke wa sauti ya chini na mikono mikubwa. Mbingu hakumjua mtu, na alipofika, Domitila alikuwa kaburini karibu mwaka mzima. Siku za mwanzo alihangaika kweli. Uji ulikuwa mzito, kijiko kinasimama. Maji ya kuoga yalikuwa ya kunyonyolea kuku. Mzee hakulalamika. Alisukuma bakuli pembeni, akageukia dirishani. Ndivyo alivyokuwa siku zote: ukitaka kujua anachohitaji, umsome usoni, na uso ule Sikitu hakuujua kuusoma.

Halafu mambo yakageuka, na yaligeuka ghafla.

Asubuhi moja uji ulikuja mwepesi, umekorogwa kwa karanga zilizotwangwa, hauna sukari, una chumvi ya kuonja tu. Mzee akanywa, akaomba mwingine. Kesho yake akakuta maji ya kuoga yametiwa majani ya mchaichai, na joto lake ni lile hasa ambalo mwili wake ulikuwa umelisahau. Sikitu akakisogeza kitanda mbali na ukuta, kwa kuwa ukuta ule hulia maji wakati wa masika. Akaligeuza godoro, akaweka mto mwembamba chini ya magoti ya mzee. Alasiri akamtolea kiti upande wa mashariki wa nyumba, palipo na kivuli na upepo wa mlimani. Octavian alilala usingizi mnono, jambo ambalo hakulitegemea tena duniani.

"Nani alikwambia habari ya karanga?" alimuuliza.

"Bibi," Sikitu akajibu, akaendelea kufagia.

Mzee akadhani anamsema mama yake Limbu. Limbu ni jirani, Msukuma mfugaji, na mama yake kizee ana mazoea ya kuleta maziwa na maneno. Wanawake huambiana, akajisemea, na akaliacha hapo.

Lakini halikukaa vizuri moyoni. Mama Limbu angejuaje kwamba ukimsugua mgongo unaanzia chini ya bega la kushoto, pale palipochubuliwa na magunia ujanani? Angejuaje kwamba soksi huvaa kwanza ya kulia? Kila raha mpya ilipomjia, ilikuja na ubaridi wake. Alikuwa akikaa kitini, mto mgongoni, miguu imeinuliwa juu ya kigoda, mwili wote umetulia, na nywele za shingoni zimemsimama. Alianza kuogopa kustarehe.

Siku moja baada ya chakula cha mchana Sikitu alipiga magoti mbele yake, akaushika mguu wake.

"Inua kidogo, Babu. Bibi anasema Tavi akikaa sana, huu wa kushoto unakufa ganzi."

Octavian akauondoa mguu.

"Umesemaje?"

"Nimesema unakufa ganzi."

"Umeniita nani?"

Sikitu akatahayari. "Nisamehe, Babu. Ni yeye anakuita hivyo, nikadhani ni jina la nyumbani."

Jina hilo lilikuwa la nyumbani kweli, na zaidi ya hapo. Lilisemwa na mtu mmoja tu, mlango ukiwa umefungwa, tangu wakiwa vijana kule Mahenge kabla hawajateremka bondeni kulima. Watoto wake wenyewe hawakulijua.

"Huyo bibi yuko wapi?" aliuliza taratibu.

"Si huyo hapo uani? Anakaa nyuma ya jiko, kwenye lile gogo. Asubuhi nikitoka kuwasha moto namkuta keshafika. Namwamkia, anaitika marahaba, tunaongea. Mimi nilijua ni dada yako."

"Yukoje?"

"Mfupi, mweusi wa kung'aa. Kidole hiki kimepinda." Sikitu akainua kidole kidogo cha mkono wa kulia. "Amevaa ile sare ya kina mama wa parokia, ya bluu. Kila siku hiyo hiyo. Juzi nilitaka nimwambie anipe niifue, nikaona nitamvunjia heshima. Ila nguo haichafuki. Wala viatu havai, na miguu yake misafi, hata uani kukiwa na tope la namna gani."

Mzee Octavian aligeuza macho kuelekea mlango wa uani.

"Sikitu, mwanangu," alisema, "mimi sina dada. Huyo ni mke wangu. Tulimzika na hiyo sare."

Sikitu hakupiga kelele. Alikaa kitako sakafuni, akafunga kanga yake kichwani, kisha akaifungua, kisha akaifunga tena. Halafu akaenda chumbani kwake, na mzee akasikia zipu ya begi.

Alimfuata mpaka barabarani. Tangu msiba alikuwa hajafika barabarani kwa miguu yake, na alipofika alikuwa anatweta, fimbo imemchoma kiganja. Sikitu alikuwa amesimama pembeni, begi kichwani, anasubiri gari la kwenda Ifakara.

"Usiniache," mzee akamwambia.

"Babu, mimi nimekula naye. Nimemmegea kiazi. Alikipokea, akakiweka mapajani. Nilipogeuka hakikuwepo, nikajua amekula." Alitazama kule gari litakakotokea. "Nitaishije mahali hapo?"

"Amekutisha?"

Sikitu akafikiri. "Hapana."

"Amekukaripia?"

"Hapana. Ananifundisha tu. Ananiambia hivi, ananiambia vile. Utasema mama mkwe anayependa mtu."

"Basi rudi. Kuna neno nataka umuulize kwa ajili yangu. Ukishamuuliza, ukitaka kwenda, nenda."

Gari lilipita, likapunguza mwendo, likaendelea. Sikitu alilitazama likiondoka na vumbi lake, akashusha begi kichwani. Baadaye alisema hakurudi kwa ujasiri wala kwa mshahara. Alirudi kwa sababu mzee yule alikuwa hawezi tena kusimama, na mtu wa kumshika mkono hakuwepo mwingine.

Neno ambalo Octavian alitaka kuliuliza lilikuwa moja: mbona hajitokezi kwake? Maana mchana ule ule alikwenda nyuma ya jiko, akaliona gogo, kuku na jivu, basi. Alikaa pale akanusa hewa. Aliita, "Domitila." Akaita kwa sauti ya ndani zaidi, akaona haya kama kijana anayeposa. Mpunga ulivuma kule shambani, na hakuna aliyeitika.

Sikitu alimletea jibu asubuhi ya pili, pamoja na uji. Aliweka bakuli mezani, hakuinua macho.

"Anasema ukimwona utamfuata."

Mzee alikaa na neno hilo siku nzima. Mtu mwingine lingemtisha. Yeye lilimkaa kifuani kama mwaliko.

Tangu hapo nyumba ikabadilika. Starehe zilikuwepo, tena ziliongezeka. Sikitu, aliyezoea hofu kama mtu anavyozoea moshi wa jikoni, aliendelea kupokea maagizo: shuka lianikwe juani ili lisiwe na ubaridi, mlango wa bafu uwekewe mpini wa kushikilia, sakafuni litandikwe gunia ili asiteleze. Lakini mzee aliyapokea yote kama mfungwa anavyopokea chakula kizuri. Akila, macho yake yako kwenye mlango wa uani. Akiogeshwa anauliza, "Yupo sasa hivi? Amekaaje? Anatazama wapi?" Sikitu anamjibu, "Yupo. Amekutazama wewe." Naye anageuka haraka, shingo inalia, na anachokiona ni mlango na mwanga.

Kuna wivu kwa sababu ya mtu aliye hai, hilo watu wanalijua. Octavian alijifunza kumwonea wivu mtumishi wake kwa sababu ya mke wake mwenyewe. Alimkasirikia Sikitu kwa kumsikia Domitila akikohoa. Alimkasirikia Domitila zaidi.

Masika ilipokolea, Sikitu alikwenda mashineni kukoboa mpunga. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka yakaificha milima. Alimwacha mzee kitandani, amefunikwa vizuri, chai kwenye chupa. Alipofika mashineni mvua ikafunguka, mvua ile ya Kilombero isiyokuonyesha mbele, ikamzuia huko kwa muda mrefu.

Octavian alisikia bati likinguruma. Akaondoa mto chini ya magoti. Akaondoa blanketi. Alishika ukuta, akashika mlango, akashika mpini mpya wa bafu, akafika nyuma ya jiko, akakaa kwenye gogo lile wazi, bila kofia, bila koti. Aliinua uso.

"Nimekuja," alisema. "Sasa jifiche tena tuone."

Maji yalimwingia machoni na masikioni. Alingoja. Alijiambia kwamba mvua ikizidi kidogo ataiona ile bluu. Alijiambia kwamba baridi ile si baridi, ni mkono. Mwili ukatetemeka mpaka ukachoka kutetemeka. Mbele yake palikuwa na ua uliojaa maji, matone yanaruka, na nyuma ya matone hapakuwa na mtu.

Limbu ndiye aliyemkuta, alipovuka ua akimfuata ndama aliyemponyoka. Alimbeba begani, akamwingiza ndani, akamvua nguo zilizolowa, akamfunga kwa blanketi na kuita bajaji. Mpaka wanafika hospitalini Ifakara, mzee alikuwa anapumua kama msumeno.

Homa ya mapafu ilimlaza siku nyingi. Rosemery alifunga meza yake sokoni, akakaa naye. Na pale wodini, Sikitu alipokuja na uji, kila kitu kilitoka. Sikitu alisimulia huku analia. Alitegemea atafukuzwa, au ataambiwa ni mshirikina.

Rosemery aliupokea uji, akauweka chini. Kisha akasema kwa uchungu, "Mimi nilimuuguza. Mimi nilimwosha, nikamvalisha ile sare kwa mikono yangu. Mpaka leo hajanijia hata ndotoni. Wewe ambaye hakujui, ndiye anakaa na wewe jikoni?"

"Dada, sikuomba."

"Najua hukuomba." Rosemery alifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Anaendeleaje?"

Lilikuwa swali la ajabu kumuuliza mtu habari za marehemu, lakini Sikitu alilijibu kama lilivyoulizwa.

"Si mzima," alisema. "Nilikuwa sijataka kuwaambia. Siku zile za mwanzo alikaa wima, anaongea, anacheka kidogo. Sasa amekonda. Ananiagiza kitu halafu anasinzia pale pale, kichwa kinaanguka. Siku Babu alipolowa, niliporudi nilimkuta amesimama mlangoni, anahema kama mtu aliyekimbia. Aliniambia, 'Nilimwita Limbu mpaka sauti ikanikauka.' Nimemuuliza, Bibi, mbona hupumziki? Akasema, 'Nani atamfunika?'"

Wote wawili walidhani mzee amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa ameugeuzia uso ukutani, na yale aliyoyasikia yalimpiga kuliko homa. Alimwona Domitila, si kwa macho ya uani bali kwa kumbukumbu, jinsi alivyokuwa akirudi shambani mguu umevimba, na kabla hajakaa anauliza, "Umekula?" Alikuwa hajawahi kumjibu, "Kaa kwanza." Kumbe hata kaburini hakukaa.

Aligeuka. Sauti yake ilikuwa nyuzi tupu.

"Rosemery. Mwite katekista. Tumwombee mama yako nyumbani."

"Baba, tukifanya hivyo..." Rosemery alimtazama. "Utaweza?"

"Amechoka," mzee akasema. "Mwacheni alale."

Misa ilisomwa uani, siku ya jua baada ya mvua nyingi. Katekista Viktor aliitoa meza nje, akaiandaa, padri akaja kwa pikipiki, kina mama wa parokia wakaja na sare zao za bluu. Hilo peke yake lilimtesa mzee, maana kila alipotupa jicho aliona bluu, na kila bluu ilikuwa na mtu mwingine ndani yake. Mama Limbu, ambaye si Mkatoliki, alikaa pembeni na kibuyu cha maziwa. Sikitu alisimama nyuma kabisa, karibu na jiko.

Wakati wa kunyunyiza maji ya baraka, Octavian aliomba ashikwe, akanyanyuka kitini.

"Domitila," alisema mbele ya watu wote, bila haya, "nimeshafunikwa. Nimekula. Maji ya moto yapo. Nenda mama, kapumzike."

Watu waliinamisha vichwa. Kuku alipita katikati yao. Padri akanyunyiza maji kwenye gogo, kwenye jivu, kwenye kizingiti cha mlango.

Walipokwisha kula na wageni kuondoka, mzee alimwita Sikitu. Hakuuliza kwa mdomo. Sikitu akatikisa kichwa.

"Alikwenda lini?"

"Sikuona akienda, Babu. Ulipokuwa unasema alikuwepo, ameegemea ukuta, amefumba macho. Nikapangusa machozi. Nilipotazama tena, ukuta ulikuwa ukuta."

Octavian akaitika kwa kichwa. Usiku ule hakulia, wala kesho yake. Aliomboleza kwa namna nyingine: alikaa kimya hadi kimya kikawa na uzito, na Rosemery alipoaga kurudi Ifakara alisita mlangoni muda mrefu, hajui kama anamwacha baba yake na mtu mmoja au bila mtu kabisa.

Msiba wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza, kwa kuwa hakuna anayekuja kukupa pole. Mchana mzee alikuwa akitega sikio kuelekea uani. Zamani, hata alipokuwa haoni kitu, palikuwa na ule ubaridi shingoni, ule mzigo mwepesi wa kutazamwa. Sasa palikuwa na joto la kawaida, na inzi. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuutamani hata woga.

Sikitu naye alipotea njia. Uji ulitoka sawa, maana alikuwa keshajifunza, lakini magonjwa ya wazee hayakai mahali pamoja. Leo kiuno, kesho pumzi. Palipokuwa na jambo jipya hakuwa na wa kumwambia. Alimzungukia mzee, akamgusa hapa na pale, akabahatisha, na mzee akageukia dirishani kama zamani.

Asubuhi moja alimletea beseni la maji ya moto na kitambaa, akaliweka chini kwa kishindo, maji yakamwagika.

"Babu, mimi simsikii mtu tena. Nikiamka uani ni peke yangu. Sijui unaumwa wapi, na wewe husemi. Mimi nitajuaje?"

Mzee alimtazama mwanamke yule. Aliona macho yake mekundu kwa moshi na kwa kukosa usingizi. Aliona kwamba alikuwa amesimama muda wote tangu alfajiri.

"Kaa kwanza," alimwambia.

Sikitu akashangaa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

Octavian alifungua mdomo, akaufunga. Miaka yote ile hakuwahi kumwambia mtu yeyote anaumwa wapi, mwanamke wala daktari.

"Shingo," alisema hatimaye. "Shingo inaniuma. Imeanza juzi."

Sikitu alikamua kitambaa, akakiweka nyuma ya shingo yake. Mvuke ukapanda.

"Hapa?"

"Chini kidogo."

"Hapa?"

"Kulia... Hapo. Hapo hapo. Usiondoe mkono."

Hakuuondoa. Nje, mpunga ulikuwa umeanza kugeuka rangi, na watoto wa jirani walikuwa wakipiga kelele kufukuza ndege. Mzee Octavian alifumba macho, akaanza kumweleza juu ya mabega, na pumzi inayombana asubuhi, na vidole vya miguu anavyohisi ni vya mtu mwingine, jambo moja baada ya jingine, polepole, huku sauti yake mwenyewe ikimshangaza katika chumba kile.